Mdogo wangu alikabidhi karatasi ya rufaa siku ya 11, karatasi haikufika mahakamani. Kuna njia bado?

Binti wa Mukene, Busia

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu habari zenu. Naandika nikiwa kibandani, wateja wanaingia na kutoka, mtanivumilia.

Mimi nauza mukene, yaani dagaa, na samaki wa kukaushwa hapa Busia, upande wa Uganda. Mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, alihukumiwa na Mahakama Kuu tarehe 13 Machi mwaka huu, siku ya Alhamisi. Kosa ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Amepewa miaka 22, na kabla ya hapo alikuwa ameshakaa mahabusu miaka mitatu na miezi minane. Sitaki tubishane hapa kama alifanya au hakufanya. Mimi najua usiku ule alikuwa wapi, maana ndiye aliyenipakilia magunia kwenye lori mpaka saa saba, lakini hayo ni ya kusemwa mbele ya majaji. Ninachouliza ni habari ya siku.

Siku ya hukumu, wakili aliyewekwa na serikali kumtetea alitukuta nje ya chumba cha mahakama, akasema, "Tutakata rufaa, msiwe na wasiwasi." Mama alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Nikachukua namba yake. Nilimpigia Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mpaka leo hajapokea simu yangu hata mara moja.

Bahati nzuri mdogo wangu hakumngoja. Wenzake wodini walimwambia una siku 14, usilale. Akaomba karatasi mbili za daftari, akaandika notisi yake kwa mkono, nakala mbili zinazofanana neno kwa neno. Jumatatu tarehe 24 Machi, siku ya 11, akamkabidhi afisa wa ofisi ya rekodi nakala moja. Afisa akaisoma, akasema sawa, itapelekwa. Ile nakala ya pili haikupigwa mhuri. Mdogo wangu hakujua kwamba aombe mhuri, na hata angejua, mtu aliyevaa nguo za njano kwa mara ya kwanza kama mfungwa ataanzaje kumwambia afande piga mhuri hapa?

Jumatano tarehe 26, alfajiri, Waislamu wa wodi wamemaliza daku, majina yakasomwa. Watu thelathini na kitu wakapandishwa gari, wakapelekwa gereza jingine upande wa pili wa nchi. Hakuna aliyetuarifu. Siku ya pili ya Idd nilifunga pilau na tende, nikaenda nazo mpaka lile gereza la kwanza. Getini wakaniambia, "Huyo hayupo, amehamishwa." Nilikaa chini ya mwembe, sufuria bado ya moto mapajani, sijui nielekee wapi. Pilau niliwaachia waliobaki.

Nilimfikia mwezi wa sita, baada ya kukusanya nauli. Kwenda na kurudi iliniishia shilingi 140,000. Nikamkuta ametulia. Anangoja namba ya rufaa yake, akaniambia kesi za Mahakama ya Rufaa zinachukua muda. Mwezi wa nane, vilevile, anangoja. Septemba ndipo alipoona watu waliohukumiwa baada yake wameshapata namba zao. Akauliza. Ofisi ya kule ikatazama faili lake, haikuona notisi wala barua yoyote.

Tarehe 14 Oktoba nikaenda mwenyewe kwenye masjala ya mahakama iliyomhukumu. Kijana wa pale, Mungu ambariki, hakunifukuza. Alifungua kitabu, akapitisha kidole mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, mpaka wa sita. Kisha akakigeuza kitabu ili nisome mwenyewe. Niliona majina ya wawili waliohukumiwa wiki moja na mdogo wangu. Wao wapo. Yeye hayupo.

Wakili mmoja wa mjini ameniambia nilete milioni tatu ndipo afungue faili. Mwingine ameniambia siku zikishapita zimepita, nisipoteze pesa. Nani kati yao anasema kweli?

Nilichonacho mkononi ni ile nakala ya pili. Aliikunja mara nne akaiweka ndani ya jalada la Yasini yake, ikahama naye. Tarehe imeangukia kwenye mkunjo, wino umepauka, lakini 24/3 bado inasomeka. Haina mhuri wala sahihi ya afande. Inafaa kitu? Na tumwandikie nani?

Baba Nuru, Tororo

Pole sana mwanangu. Nitakwambia ukweli ingawa unauma. Siku 14 ni siku 14. Baba mdogo wangu aliomba kuongezewa muda akakataliwa. Pesa ya ng'ombe wawili ikaenda na wakili. Mimi ningekushauri uelekeze nguvu kwenye msamaha wa rais. Ile kamati inayomshauri rais ipo kwenye Katiba, ibara ya 121, mwenyekiti wake ni Mwanasheria Mkuu. Andikeni barua huko.

Aliyetoka Salama, Koboko

Mzee Baba Nuru, kwa heshima yako yote, nakuomba usimpeleke dada huko kabla hajajaribu hili. Anayeomba msamaha anaomba huruma. Huyu kijana ana haki yake, na hajaitumia bado.

Dada, mimi nilikaa ndani miaka tisa na miezi miwili. Katika hiyo, mitano niliitumia kuandikia wenzangu karatasi za rufaa. Tulifundishwa usaidizi wa kisheria humo humo gerezani. Yule Susan Kigula aliyekuwa amehukumiwa kifo naye alisoma sheria akiwa Luzira, akatoka Januari 2016. Basi nakujibu kama mtu aliyeyashika mambo haya kwa mikono yake.

La kwanza, na hili ulishike sana: huenda mdogo wako hakuchelewa kabisa. Sheria inajua mfungwa hawezi kutoka kwenda kwa msajili. Ndiyo maana inamruhusu mtu aliye gerezani kukabidhi notisi yake kwa mkuu wa gereza, na mkuu wa gereza ndiye mwenye wajibu wa kuifikisha kwa msajili. Mdogo wako alikabidhi siku ya 11. Alimaliza kazi yake siku hiyo. Kilichotokea baada ya hapo kilitokea karatasi ikiwa mikononi mwa wengine. Kwa hiyo kwenye kiapo chake, yaani maelezo ya maandishi anayoyaapia, asianze na "naomba mnisamehe nimechelewa". Aanze na "nilikabidhi tarehe 24 Machi". Kisha ndipo aseme, na kama mahakama itaona notisi iko nje ya muda, naomba muda uongezwe kwa sababu hizi. Yaani anasimama kwa miguu miwili, mmoja ukiteleza mwingine upo.

La pili ni ushahidi. Nakala yako bila mhuri si bure, lakini peke yake ni dhaifu. Mwendesha mashtaka atasema angeweza kuiandika jana usiku. Inataka mwenzake. Kule nilikokuwa mimi, kila karatasi ya mfungwa iliyokuwa inatoka nje iliandikwa kwenye daftari: tarehe, jina, namba ya mfungwa, inakwenda wapi. Nenda kwenye lile gereza la kwanza. Usiende kulalamika, dada, nakuomba. Nenda uombe. Mwambie mkuu wa gereza, "Afande, naomba unitazamie kwenye daftari la barua, wiki ya tarehe 24 Machi." Jina likiwepo, omba barua yake yenye mhuri inayosema hivyo. Hata lisipokuwepo, omba barua inayoonyesha tarehe aliyohamishwa. Hiyo hawana sababu ya kukunyima, maana uhamisho wa mfungwa lazima uandikwe. Jaji akiona mtu amehamishwa siku ya 13 kati ya 14, atasoma ukurasa unaofuata kwa jicho jingine.

Kisha mashahidi. Nani alimwona akiandika? Nani alimpa kalamu? Katikiro wa wodi, yaani mfungwa kiongozi wao, yuko bado? Mmoja wao akila kiapo inatosha.

La tatu ndilo linalowaangusha wengi, nalo ni miezi iliyofuata. Watu huelezea zile siku 14 vizuri, halafu wanaruka mpaka leo. Jaji atauliza: Aprili ulifanya nini? Mei? Julai? Kwa hiyo kiapo kitembee na kalenda. Aprili na Mei alikuwa amehamishwa, hana habari, anaamini notisi imefika. Juni ulimtembelea, akakwambia anangoja namba. Agosti vilevile. Septemba akashtuka, akauliza. Oktoba 14 ukaenda masjala. Na wewe dada ule kiapo chako mwenyewe kuhusu hiyo safari ya masjala, maana mdogo wako hakukiona kile kitabu, wewe ndiye uliyekiona. Usingoje tena. Kila wiki inayopita kuanzia Oktoba 14 inabidi ielezwe, na hiyo haitaelezwa kwa uhamisho. Itakuwa ya kwenu.

Nikwambie yaliyonipata mimi, yakusaidie. Mimi nilichelewa miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Kiapo changu cha kwanza kiliandikwa na mwenzangu kwa Kiingereza kizuri sana, na mimi wakati ule nilijua Kikakwa na Kiswahili tu, Kiingereza nilijifunzia humo humo ndani baadaye. Nikatia sahihi. Wakakirudisha. Kumbe kuna sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, inataka aliyeandika aweke jina lake na anwani yake, na aseme kwamba alimsomea mwenye kiapo na mwenye kiapo akaelewa. Mistari minne tu mwisho wa ukurasa. Kwa kukosa mistari minne nilikaa miezi mitano zaidi nikingoja. Mpaka leo nikisaidia mtu naanza na mistari hiyo kabla ya jina lake. Mdogo wako anasoma Kiingereza? Kama hasomi, au anasoma kwa shida, iwekwe.

Mara ya pili nilikubaliwa. Rufaa yenyewe majaji watatu waliniachia hatia ileile, ila walipunguza kwenye adhabu muda niliokaa mahabusu, na ndiyo maana leo nakuandikia kutoka nyumbani. Hapo ndipo nina swali kwako: jaji alipompa mdogo wako miaka 22, alisema wazi kwamba ametoa ile miaka mitatu na miezi minane? Au alisema tu "nimezingatia"?

Binti wa Mukene, Busia

Kaka yangu, nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya mwisho nikamsomea mama. Mungu akulipe.

Jaji alisoma haraka na mimi nilikuwa nyuma, lakini nakumbuka neno lilikuwa kama "nimezingatia muda aliokaa". Hesabu sikuisikia. Nakala ya hukumu hatujapewa.

Mdogo wangu aliishia darasa la sita. Anasoma polepole.

Wakili Kijana, Mbale

Dada, shikamoo kwa mama. Mimi ni wakili, miaka minne tangu niapishwe. Mzee wa Koboko amekueleza vizuri kuliko baadhi ya sisi tuliosomea, mimi naongeza machache tu.

Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Hukumu 13 Machi, siku ya mwisho ni 27 Machi. Mdogo wako alikuwa na siku tatu mkononi alipokabidhi.

Ombi linakwenda Mahakama ya Rufaa, kwa hati ya maombi na kiapo. Nguvu yake ni kanuni ya 5 ya Kanuni za Mahakama ya Rufaa: mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu ya kutosha, hata kama muda wenyewe umeshakwisha. Kwa hiyo aliyekwambia siku zikipita zimepita amekosea, mwambie nimesema mimi. Ombi husikilizwa na jaji mmoja. Akilikataa, mna haki ya kulipeleka mbele ya majaji watatu. Jaji hutazama urefu wa ucheleweshaji, sababu zake, kama rufaa ina uzito wowote, na kama upande wa pili utaumia. Mwambie mdogo wako aambatishe ile notisi na pia sababu za rufaa anazokusudia, ili jaji aone kuna kitu cha kusikiliza. Habari ya lori na magunia iwemo. Kama ilisemwa kwenye kesi na jaji hakuipima, hiyo ni hoja kubwa, kwa sababu rufaa ya kwanza inatakiwa kuupima ushahidi wote upya. Mahakama ya Juu ililisema hilo kwenye kesi ya Kifamunte, na bado linafuatwa.

Angalizo. Katika kesi ya Mahakama Kuu, kukata rufaa dhidi ya hatia na adhabu ni haki yake. Akikata dhidi ya adhabu peke yake anahitaji ruhusa ya mahakama. Wengi wanaandika "napinga adhabu" kwa haraka, wanajikuta wamejiongezea ombi jingine. Kama anakana kosa, aandike hatia na adhabu, yote mawili.

Kuhusu muda wa mahabusu: ibara ya 23(8) ya Katiba inataka uzingatiwe, na mwaka 2017 kwenye kesi ya Rwabugande Mahakama ya Juu ilisema unaondolewa kwa hesabu. Hapo kuna mabishano yaliyofuata, sitakuchosha nayo, lakini "nimezingatia" bila hesabu ni jambo la kuandika kwenye sababu za rufaa.

Barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi muiandike wiki hii, kwa msajili wa mahakama iliyohukumu, na nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa. Msingoje ombi likubaliwe kwanza. Uchapaji wa mwenendo ndio unaochukua muda mrefu kuliko yote.

Namba za vifungu: ukiona mtu anakutajia sheria za zamani, angalia. Toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika Julai 2024, na namba za sura nyingi zimebadilika. Nimeona maombi yanataja kifungu kisichohusika kabisa. Jaji mwema atalipita, lakini kwa nini umpe kazi?

Na huyo wakili wa kwanza: msimshambulie kwenye kiapo kwa maneno makali. Elezeni tu mlimpigia lini na hakupokea. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kosa la wakili lisimwangukie mteja, lakini zinataka mteja naye aonyeshe hakukaa tu. Na nyinyi hamkukaa.

Milioni tatu usitoe. Kosa lake linabeba adhabu ya kifo, kwa hiyo hata kwenye rufaa ana haki ya wakili kwa gharama ya serikali. Kwa hili ombi lenyewe, jaribu mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili, au Justice Centres Uganda, au wasaidizi wa kisheria wa Foundation for Human Rights Initiative wanaoingia magerezani. Mueleze afisa ustawi wa gereza alipo sasa, mara nyingi yeye anajua nani anaingia siku gani.

Jambo moja la mwisho, si sheria yetu lakini linanipa moyo kila nikilikumbuka. Marekani, mwaka 1988, katika kesi ya Houston v. Lack, Mahakama ya Juu ya kule ilikubali kwamba notisi ya mfungwa asiye na wakili huhesabiwa imewasilishwa pale anapowakabidhi maafisa wa gereza, kwa sababu baada ya hapo hana uwezo wowote juu ya karatasi hiyo. Hoja ni ileile ya mdogo wako.

Baba Nuru, Tororo

Nimesoma yote, na nimekwenda kutoa faili la baba mdogo chini ya kitanda. Nilikuwa na uchungu nilipoandika juu pale.

Kiapo chake kina aya sita. Aya tano zinaeleza zile siku 14, alivyougua, alivyokosa karatasi. Aya ya sita inasema "na tangu hapo nimekuwa gerezani". Basi. Miaka miwili na nusu imewekwa kwenye mstari mmoja. Na uamuzi wa jaji, sasa nauona, ndicho alichosema: mwombaji hakueleza muda uliofuata. Wakati ule sisi tulisikia "imekataliwa" tukarudi nyumbani, hatukusoma ndani. Wala hakuna aliyetuambia habari ya majaji watatu.

Mwanangu, fanya kama walivyokwambia. Na huyo baba mdogo yuko hai bado, ana miaka 61. Wakili, nikikutumia huo uamuzi utautazama?

Wakili Kijana, Mbale

Nitumie leo mzee. Sikuahidi kitu kabla sijasoma tarehe, ila nitasoma.

Binti wa Mukene, Busia

Narudi baada ya siku tisa. Samahani kwa kimya, nilikuwa njiani.

Jumanne nilikwenda kwenye gereza la kwanza. Nilifanya kama kaka wa Koboko alivyosema, sikulalamika. Nilingoja kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane. Mkuu wa gereza ni mgeni, alihamia pale mwezi wa saba. Tuliongea Kiswahili, maana yeye ni mtu wa Teso na mimi Kiteso sijui. Nikamwonyesha ile nakala. Aliifungua polepole kwenye meza, akaweka rula juu ya mkunjo ili isipasuke, akasoma yote. Kisha akamtuma afisa alete madaftari ya mwezi wa tatu.

Daftari lina jalada gumu jekundu, pembe zimeliwa. Afisa alianza kutafuta tarehe 24, hakuna. Moyo ukanishuka. Mkuu akasema geuza ukurasa. Tarehe 25 Machi, mstari wa nne kutoka juu: jina la mdogo wangu, namba yake, na maneno "notisi ya rufaa, 1". Yaani iliandikwa kesho yake asubuhi, siku ya 12. Bado ndani ya muda.

Mbele yake kuna safu ya tarehe ya kupelekwa. Mistari ya juu yake na ya chini yake imejazwa, tarehe 28, kwa mkono mmoja. Yake haina kitu. Mkuu aliitazama ile nafasi tupu kwa muda, hakusema neno. Nadhani walipoona ameshahamishwa waliiweka pembeni imfuate, na haikumfuata. Sijui, na sitamsema mtu.

Amekubali kuandika barua. Amesema niirudie Alhamisi. Hati ya uhamisho ya tarehe 26 ataiambatisha pia. Kijana mmoja wa wodi ile bado yupo, ndiye aliyempa kalamu, yuko tayari kula kiapo. Barua ya kuomba mwenendo tumeshaipeleka, nakala yetu ina mhuri, nimeifunga kwenye nailoni. Justice Centres wamenipa tarehe ya kuonana nao wiki ijayo.

Swali langu moja. Barua ya mkuu inatosha, au niombe na nakala ya ule ukurasa wa daftari? Naogopa nikiomba sana atabadili mawazo.

Aliyetoka Salama, Koboko

Alhamdulillahi. Omba vyote viwili, dada. Barua inasema alichokiona yeye, ukurasa unaonyesha mstari wa juu na wa chini vimejazwa na wake haukujazwa, na hicho ndicho jaji anatakiwa akione kwa macho yake. Usimwombe akupe daftari. Mwombe apige nakala ya ukurasa mmoja, agonge mhuri, aandike "nakala halisi", atie sahihi, cheo na tarehe. Mtu aliyeweka rula juu ya mkunjo hatakukatalia.

Na ukitoka getini, kabla ya kupanda gari, fungua usome tarehe zote hapo hapo.